Supu ya Talaka

Mume wangu hajui Kikorea. Naanza na hilo kwa sababu hapa Mwanza wapo watu wazima, wenye akili zao na vitambulisho vya taifa, watakaokuapia kwamba Mhoja anakijua Kikorea, Kichina, Kihindi na Kituruki, na kwamba usiku huziota lugha hizo kwa zamu. Mimi ndiye ninayelala naye. Huota kwa Kisukuma, na mara nyingi anakuwa anafukuza ng'ombe aliyeingia kwenye shamba la viazi.

Kazi yake ni kutafsiri sinema. Nyuma ya stendi ya Buzuruga ana kibanda umiza, chumba cha mabati chenye mabenchi, televisheni kubwa ukutani na spika zinazotikisa mpaka bomba la jirani. Mimi nakaa mlangoni kupokea viingilio, yeye anakaa pembeni ya televisheni na maiki yake. Picha ikianza, anapunguza sauti ya wenyewe na kuweka ya kwake. Akiongea mwanamke, anaibana pua. Akiongea mzee, anakohoa kwanza. Steringi, yaani shujaa wa picha, humwita Ngosha kama Msukuma, awe Mchina au Mhindi, na adui humpa jina la mtu aliyemuudhi wiki hiyo. Fundi aliyetupiga bati bovu amekufa pale kibandani kwa upanga, kwa risasi na kwa kuanguka kutoka ghorofani, na yeye mwenyewe huja kutazama na kucheka.

Utaniuliza anafanyaje kazi hiyo bila lugha. Chini ya picha hupita maandishi ya Kiingereza, na Mhoja aliishia kidato cha pili. Maandishi yanakimbia, yeye anadaka neno hapa na neno pale, na yaliyobaki anayasoma kwenye nyuso za watu. Kila nilipomsema alinijibu jibu lilelile.

"Sabina, watu hawalipi kuangalia. Kuangalia hata dirishani mtu anaangalia. Wanalipa kuelewa."

Kwenye picha anaogopa kitu kimoja tu, nacho ni kimya. Watu wa kibandani wakisikia kimya wanapiga miluzi na kudai hela yao, wanadhani spika zimeungua. Kwa hiyo Mhoja haruhusu kimya. Mtu akitembea peke yake njiani, Mhoja atakwambia anawaza nini. Mbuzi akipita, mbuzi naye ana maoni yake.

Picha iliyompa jina ilikuwa ya Kikorea. Binti maskini ameolewa kwenye kijiji cha pwani, kwa mama mkwe asiyecheka wala kusema. Binti anajifungua. Mama mkwe anaingia chumbani na bakuli la supu yenye majani meusi, marefu, yanayoteleza, analiweka mbele yake na kutoka bila neno. Binti analitazama lile bakuli. Chozi linamdondoka. Anainywa yote mpaka anainamisha bakuli, naye hasemi neno. Halafu tunamwona ndani ya treni, mtoto mgongoni, anaangalia dirishani.

Kimya chote hicho, na kule chini hakuna hata herufi moja ya kudaka. Miluzi ikaanza. Nilimwona Mhoja akishika maiki kwa mikono miwili.

"Ndugu watazamaji," akasema kwa sauti ya msibani, "hiyo mnayoiona ni supu ya talaka. Mama mkwe wa Kikorea hakufukuzi kwa mdomo, ana adabu zake. Anakupikia. Ukiona supu nyeusi imewekwa mbele yako, mwanangu, ujue ndoa imekwisha. Kunywa, maliza, funga mizigo."

Halafu treni ikatokea, na nani angebisha tena? Kibanda kizima kililia. Wauza mitumba walilia, makondakta walilia wakijifanya wanakohoa, na mimi pale mlangoni nililia pia, mjinga kama wenzangu. Mhoja aliirudia picha hiyo mpaka watu wakaijua kama Baba Yetu. Akaiweka kwenye flashi, flashi zikavuka ziwa na kufika visiwani. Mpaka leo vijana wa stendi, mtu akifukuzwa kazi, husema amepewa supu.

Kumbe picha ile ilitokana na kitabu. Hatukujua, na tungejua isingetusumbua.

Sasa, Mhoja ana dada yake mkubwa, wifi yangu Dorotea, mjane wa Kiseke anayeuza dagaa, mwanamke ambaye hata jogoo wake anawika akiruhusiwa. Binti yake pekee, Rebeka, alipata mchumba, na mchumba akawa Junho, mhandisi wa maji aliyetoka Korea kuja kuchimba visima. Dorotea hakupiga kelele. Alivaa kitenge kipya, akaja kibandani, akakaa benchi la mbele na kutazama picha za Kikorea mfululizo kama mtu anayesomea mtihani. Pale asipoelewa alimuuliza mdogo wake, na mdogo wake alimjibu bila kupepesa macho. Kwa nini wanapokea kikombe kwa mikono miwili? Kwa sababu vikombe vyao ni vya gharama. Dorotea akaona ni watu makini.

Ndoa ilifungwa na wakahamia Buswelu. Mkwe alikuwa kijana mpole, na Dorotea alimpenda kwa namna ya kwetu. Na kwetu Usukumani mama mkwe humpenda mkwe wake wa kiume kwa kumkimbia. Hamshikani mikono, hamli meza moja, hamtazamani usoni. Akiwatembelea, gari la Junho likipiga honi getini, Dorotea alikuwa ameshatokea mlango wa nyuma na sahani yake. Akiwa na la kumwambia, aliuambia ukuta au mtoto wa jirani, na Junho akipita karibu akadaka maneno yake.

Rebeka akajifungua mtoto wa kike. Dorotea akafunga biashara na kuhamia Buswelu kumlea binti yake kwa uji wa ulezi wenye pilipili manga. Halafu kutoka Korea akaja mama yake Junho. Hatukuliweza jina lake, tukamwita Mama Junho, na yeye akafurahi, maana kumbe hata kwao majirani humwita hivyohivyo kwa jina la mwanawe. Alikuwa mfupi, mkakamavu, mwenye magoti mabovu na uso usioonyesha kitu. Kiswahili chake kilikuwa neno moja, "asante", nalo alilitumia kwa kila jambo. Alifungua begi lake jikoni na kutoa fungu la majani makavu, meusi, yaliyojikunja kama nyavu zilizosahaulika juani. Akayaloweka. Yakafufuka, yakajaa sufuria zima.

Simu ya Mhoja ikalia tukiwa kibandani.

"Mhoja," Dorotea akasema, na sauti yake ilikuwa ndogo, jambo ambalo halijawahi kutokea. "Supu imekuja."

"Supu gani, dada?"

"Ile yako."

Mume wangu aliniangalia. Nilimwangalia. Simu ikakatika, na yeye akasema eti pengine ni supu nyingine, Wakorea wana supu nyingi. Mkorea wa kwanza kumjua maishani mwake ni mkwe wetu, lakini ana habari za supu zao.

Kesho yake nilibeba samaki aina ya sato na kwenda Buswelu. Nilimkuta wifi yangu koridoni, kati ya jikoni na chumba cha mzazi, ameuegemea ukuta na bakuli mdomoni. Aliinywa yote, akafuta midomo kwa upande wa kitenge, akarudisha bakuli jikoni likiwa tupu. Mama Junho alilitazama lile bakuli, akalitazama tena, kisha akachota jingine.

"Wifi, shikamoo. Unafanya nini?" nikamnong'oneza.

"Marahaba. Nakunywa talaka ya mwanangu," akasema. "Nampokea bakuli pale mlangoni, najifanya nampelekea Rebeka, nainywa hapa. Mimi ni mjane, Sabina. Talaka ikiniingia mimi itamkuta nani? Mume wangu yuko makaburini, imfuate huko."

"Na Rebeka?"

"Hajui na asijue. Ila huyu mama hachoki! Kila nikirudisha bakuli tupu anapika zaidi. Amenuia kweli." Halafu akasema kama anayejitetea, "Chumvi yake hata hivyo si mbaya."

Nilirudi Buzuruga nikiwa natoka moshi. Nilimwambia Mhoja aende akamwambie dada yake ukweli, kwamba supu ya talaka haipo Korea, haipo Tanzania, haipo popote isipokuwa kwenye ile maiki yake. Alikaa kwenye benchi tupu la kibandani, mikono kati ya magoti.

"Nikimwambia hii nimetunga," akasema, "atauliza na zile nyingine."

Nilimuonea huruma na nikatamani kumpiga, vyote kwa pamoja. Kibanda kile ndicho kilichomfanya awe mtu. Shuleni walimcheka, kwenye uvuvi alitapika, kwenye udalali alitapeliwa. Maiki peke yake ndiyo iliyompa heshima, na heshima yenyewe ilisimama juu ya watu kuamini kwamba anajua. Akasema ataliwazia. Akaenda kuliwazia, na dada yake akaendelea kunywa.

Lililotuumbua ni Rebeka kuinuka kitandani. Nilikuwa nimerudi Buswelu na sato mwingine, tunasalimiana na wifi pale koridoni, bakuli liko nusu, mara mlango wa chumbani ukafunguka na mzazi akasimama mbele yetu na mtoto begani.

"Mama," Rebeka akasema, "hiyo si supu yangu?"

Dorotea alijaribu kulificha lile bakuli ndani ya kitenge. Supu ya moto ndani ya kitenge! Aliruka, bakuli likaanguka, majani meusi yakatapakaa sakafuni mpaka kwenye miguu ya Mama Junho aliyekuwa ametoka jikoni kusikiliza kuna nini.

"Siwezi kukuacha upewe talaka na mimi nipo hai!" Dorotea akapiga yowe.

"Talaka gani?"

"Muulize mjomba wako!"

Rebeka akaanza kulia, na kilio chake hakikuwa cha talaka. Alisema tangu ajifungue amekuwa akisikia harufu ya ile supu ikipita koridoni. Alijua ni ya kwake. Alijua kwao Junho mwanamke akijifungua ndicho chakula cha kwanza kupewa, na wa kumpa ni yule anayempenda. Aliisubiri, haikuja. Akaona haya kumuuliza mama mkwe kuhusu chakula, akajiambia basi, hanipendi, anapika na kula mwenyewe.

Mama Junho hakuelewa neno hata moja. Alichokiona kilimtosha: mkwe analia, mama yake anafoka, supu iko sakafuni. Kumbe alikuwa na lake moyoni tangu siku ya kwanza, maana alishaona jinsi Dorotea anavyomkimbia mwanawe kila akiingia, akahesabu kwamba familia hii haimtaki Junho. Akasema "asante" kwa sauti ndogo, akaingia chumbani kwake na kuanza kukunja nguo, moja moja, akizipanga kwenye begi. Supu ya talaka ilikuwa imeanza kufanya kazi kweli, ila aliyefunga mizigo alikuwa mama mkwe mwenyewe. Junho aliitwa kutoka kisimani. Alifika na matope, akasikiliza huku, akasikiliza kule, na kila upande ukalia zaidi. Mama yake alisema ndege ya kesho inamtosha, na Rebeka alisema mama mkwe akiondoka hivi, yeye hataweza kumtazama mumewe usoni maisha yake yote.

Nikamnong'oneza Rebeka habari ya supu ya mjomba wake, halafu nikampigia Mhoja. Sikumwambia njoo. Nilimwambia nikikupa dakika moja zaidi nakuja mwenyewe na mwiko.

Alifika kwa bodaboda, kijasho kinamtoka. Rebeka hakumgombeza. Alimkalisha jikoni na kuleta kitabu, zawadi ya Junho ya wakati wa uchumba, kilekile kilichozaa ile picha, kwa Kiingereza. Akakifungua mahali palipochakaa na kuanza kumwambia kwa Kiswahili, ukurasa kwa ukurasa. Na mimi nilikuwepo, nikisafisha sato.

Ile supu, kwenye kitabu, ina sura nzima. Mama wa yule binti alikufa siku aliyomzaa, kwa hiyo hakuna aliyewahi kumpikia supu ile kama mama apikavyo. Yule mama mkwe asiyecheka aliamka kabla ya alfajiri, akaingia baharini kwenye maji ya baridi na magoti yake mabovu, akayavuna majani kwa mkono wake, kwa sababu ya sokoni aliona hayamfai mwana. Halafu hakusema, maana hajui kusema. Binti anapoliangalia bakuli anaiona ile mikwaruzo ya miamba kwenye mikono ya mama mkwe, na anajua. Chozi lile ni la mtu aliyepata mama. Na treni? Anampeleka mtoto kwenye kaburi la bibi yake, amwonyeshe.

Mhoja alisikiliza mpaka mwisho, mdomo wazi. "Picha haikusema hata kimoja," akasema.

"Picha ilionyesha mikono, mjomba. Umeitazama mara ngapi?"

Na mimi nisiwe mnafiki, nami niliitazama na sikuona mikono. Waliotengeneza ile picha waliwatengenezea watu wao. Mkorea akiliona lile bakuli haulizi, kama wewe usivyouliza ukiona wanawake wamekaa chini kwenye mkeka, khanga kiunoni, katikati ya siku: unajua ni msiba. Mgeni ataona watu wako pikiniki. Kitabu kinakushika mkono na kukuingiza mpaka moyoni mwa mtu. Picha inakufikisha usoni pake na kukuacha hapo, na ukiwa mgeni, uso hauna mlango. Halafu mume wangu anakuja na kuchora mlango wa uongo ukutani.

"Niwekeeni ile picha sebuleni," Mhoja akasema. "Kwa mdomo mtupu sitaweza."

Tukaiweka. Tukamtoa Mama Junho chumbani, akakaa ukingoni mwa kiti na begi lake miguuni. Rebeka akakaa na mtoto. Junho alipoingia, Dorotea aliinuka kukimbia kama kawaida, nikamshika kitenge. Akakaa ameugeuzia mlango mgongo, kichwa chini ya khanga, akisikiliza picha badala ya kuitazama.

Mhoja alisimama pembeni ya televisheni bila maiki, mikono hajui aiweke wapi. Bakuli lilipofika mbele ya yule binti, alifanya jambo ambalo sijawahi kumwona akilifanya.

"Simamisha," akasema.

Picha ikaganda kwenye mikono ya yule mama. Ilikuwa na mikwaruzo kweli. Ikawa kimya, na hakuna aliyepiga mluzi. Halafu mume wangu akaisema ile sura yote, taratibu, bila kubana pua wala kukohoa. Alisema habari ya maji ya baridi. Alisema habari ya magoti. Alisema habari ya kaburi. Junho alikuwa akimnong'oneza mama yake, na yule mama aliyekuwa hana kitu usoni akaanza kufuta macho kwa mkono, maana kumbe ile picha ameilia kwao mara nyingi.

"Na ile talaka, dada," Mhoja akamalizia, "haimo humo. Niliitia mimi. Niliogopa miluzi."

Nilidhani Dorotea atamrushia kiti. Aliishia kuivuta khanga imfunike zaidi. Rebeka ndiye aliyemweleza Junho kuhusu kukimbiwa, kwamba kwetu hiyo ni heshima, na Junho akamweleza mama yake. Mama Junho akauliza swali, Junho akacheka, akatafsiri: "Anasema, kama ni hivyo, basi hajaona mtu anayenipenda kama mama mkwe wangu."

Begi likasukumwa nyuma ya kiti. Mama Junho akaenda jikoni kwa magoti yake mabovu, akarudi na bakuli, akalishika kwa mikono miwili mpaka mbele ya Rebeka, na safari hii lilifika. Rebeka alikunywa akilia na kucheka. Mtoto akapiga chafya.

Ndipo sauti ikatoka chini ya khanga, ikielekezwa ukutani kama ilivyo desturi.

"Sasa kama haikuwa talaka, zile zote nilizokunywa mimi zilikuwa za nini? Nimekula chakula cha mtu."

Junho akatafsiri. Mama Junho hakufikiri hata kidogo. Alisema maneno machache akimwonyesha Rebeka kwa kidole, kisha akamwonyesha Dorotea.

"Anasema hukula chakula cha mtu," Junho akasema. "Anauliza, huyu Rebeka nani alimzaa? Supu ni ya aliyezaa. Anauliza, wewe ulipojifungua, nani alikupikia?"

Hakuna aliyempikia. Mimi ninajua, Mhoja anajua. Rebeka alizaliwa msimu wa njaa, baba yake kisiwani kwenye dagaa, na Dorotea alirudi sokoni kitoto kikiwa hakijapewa hata jina.

Aliifunua khanga kichwani. Macho yalikuwa mekundu. Alilinyanyua lile bakuli tupu la Rebeka kutoka mezani kwa mikono miwili, akageuka, na kwa mara ya kwanza tangu ndoa ile ifungwe akamtazama mkwe wake usoni.

"Junho, mwanangu," akasema. "Mwambie mama yako aniongeze."